Kucheza Diablo Ndani ya Kivinjari Kwenye OpenBSD (na FreeBSD na Haiku): Mwongozo Kamili

Kila anayeniuliza kuhusu jambo hili ana moja ya shida tatu. Wa kwanza ukurasa unamfungukia, lakini gemu haianzi. Wa pili dirisha la kuchagua faili liko tupu, ilhali faili lenyewe analiona kwa macho yake kwenye terminali. Wa tatu gemu imeanza vizuri, amecheza nusu saa, kisha kichupo kikamfia bila onyo.

Wote hawa wana kompyuta nzima na hakuna walichokosea kwenye gemu. OpenBSD, mfumo endeshi unaotanguliza usalama, hufunga milango mingi kwa makusudi, na kivinjari hakikuambii ni upi uliofungwa. Tutaifungua ile inayohitajika tu. Sehemu kubwa ya mwongozo ni ya OpenBSD kwa sababu huko ndiko watu wanakokwama zaidi. FreeBSD na Haiku, mifumo endeshi mingine, ziko mwishoni, kwa ufupi.

Gemu tunayoizungumzia ni Diablo ya Blizzard ya mwaka 1996. Tutatumia toleo lake la kivinjari linalopatikana d07riv.github.io/diabloweb, lililotokana na Devilution, mradi uliounda upya msimbo wa gemu hiyo, na kugeuzwa kuwa WebAssembly, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari. Ukurasa huo una injini ya gemu tu. Picha, sauti na ramani zimo ndani ya faili moja linaloitwa DIABDAT.MPQ, na hilo unalipata kwa kununua gemu.

## Unachohitaji

- Kompyuta ya biti 64 yenye RAM ya GB 4 au zaidi. Kadi ya picha ya bei mbaya haihitajiki: gemu inachora picha ya 640×480 na mwendo wake ni hatua 20 kwa sekunde.
- OpenBSD iliyokwisha kuwekwa, yenye mazingira ya dirisha yanayofanya kazi na intaneti.
- Firefox. Chromium nayo inawezekana, ila ina kazi ya ziada utakayoiona Hatua ya 2.
- Nakala halali ya Diablo: CD ya zamani, au ile inayouzwa GOG, duka la gemu la mtandaoni.
- Nafasi ya diski GB 2 kwenye /home. Faili lenyewe ni takriban MB 517, lakini kisakinishi na faili lililotolewa ndani yake vitakaa pamoja kwa muda.
- Kipanya chenye vitufe viwili. Padi ya laptop inawezekana kwa mwenye subira, mimi sina.
- Uwezo wa kutumia doas, amri inayokupa mamlaka ya msimamizi (root). Kama hujaiweka, ingia kwa su uandike mstari `permit persist :wheel` ndani ya /etc/doas.conf, na uhakikishe jina lako limo kwenye kundi la wheel.

Kwa wanaonunua bando: toleo la bure ni upakuaji wa MB 50, lile kamili ni zaidi ya mara kumi yake. Ndiyo maana tunaanza na la bure. Hakuna haja ya kuchoma bando la wiki kisha ugundue kivinjari chako hakiwezi kuiendesha gemu.

## Hatua ya 1: Kagua mashine na uweke Firefox

Andika kwenye terminali:

`uname -m`

Jibu liwe amd64 au arm64. Ukiona i386, ishia hapo usome sehemu ya mwisho, kwani vivinjari vikubwa vya leo havifai kwa mashine hizo.

Kisha:

`doas pkg_add firefox innoextract`

Kabla ya kuwasha Firefox mara ya kwanza, tengeneza folda hii:

`mkdir -p ~/Downloads`

Jina liwe hivyohivyo, D kubwa, kwa Kiingereza. Usiliite Vipakuliwa wala downloads. Sababu utaiona Hatua ya 6, ila nakuambia mapema kwa kuwa Firefox husoma ruhusa zake inapowaka. Folda ikizaliwa baadaye, itakubidi uizime Firefox na kuiwasha tena.

Washa Firefox kutoka terminali, kwa kuandika `firefox`, badala ya kubofya menyu. Kivinjari kikifa, sababu itaachwa imeandikwa hapo. Aliyebofya menyu anabaki na dirisha lililotoweka na maswali.

Umefaulu ukiona Firefox imefunguka na ukurasa wowote wa https unapakia.

## Hatua ya 2: Jaribio la neno moja

Hapa ndipo wale wa kundi la kwanza wanapokwama. Gemu yote ni WebAssembly, na kivinjari kisicho nayo hakina cha kuendesha.

Fungua ukurasa wowote, bonyeza Ctrl+Shift+K ili konsoli ifunguke (kwenye Chromium ni Ctrl+Shift+J), kisha andika:

`typeof WebAssembly`

Bonyeza Enter. Ikijibu "object", mlango uko wazi. Ikijibu "undefined", umefungwa.

Firefox ikijibu "undefined", nenda about:config, tafuta `javascript.options.wasm`, uifanye true, kisha upakie ukurasa upya. Mara nyingi aliyeizima ni wewe mwenyewe, kupitia orodha fulani ya mipangilio ya usalama uliyoibandika zamani ukaisahau.

Chromium kwenye OpenBSD ni habari nyingine. Wanaoiandaa wameizima WebAssembly kwa chaguo-msingi, kwa hoja kwamba ni mlango mmoja zaidi wa kushambuliwa. Hutaipata kwenye mipangilio hata utafute mchana kutwa, maana imezimwa na hati inayokiwasha kivinjari. Kifunge kabisa, kisha:

`ENABLE_WASM=1 chrome`

Angalizo: dirisha moja la Chromium likiwa bado wazi, amri hiyo itafungua kichupo kipya ndani ya kivinjari kilekile cha zamani, na WebAssembly itabaki imezimwa. Hakikisha kwa `pgrep chrome`. Isilete namba yoyote kabla ya kuwasha upya.

Nakushauri usiiweke ENABLE_WASM ndani ya ~/.profile. Iandike siku unayotaka kucheza. Siku nyingine zote kivinjari chako kibaki kama walivyokusudia, kwa sababu bila shaka hukuchagua OpenBSD ili uishi milango wazi.

## Hatua ya 3: Anza na toleo la bure

Nenda d07riv.github.io/diabloweb. Utaona maelezo mafupi na vitufe. Bofya "Play Shareware".

Ukurasa utapakua MB 50 hivi na kuzihifadhi ndani ya kivinjari. Kwa mtandao wa kusuasua usibofye mara ya pili wala usipakie upya. Acha mstari wa maendeleo ujae. Ukipata ujumbe wa hitilafu kuhusu ukubwa wa spawn.mpq, basi upakuaji ulikatika njiani: pakia ukurasa upya uanze tena.

Toleo hili lina shujaa mmoja tu, Warrior, na sakafu mbili za kwanza za shimo. Kwa kupima linatosha kabisa. Tembea kijijini Tristram, shuka ngazi za kanisa, ua mifupa kadhaa. Cheza angalau dakika kumi.

Umefaulu ikiwa picha haikwami, shujaa anafuata kipanya, na kubofya kulia hakuleti menyu ya kivinjari. Usijali kama hakuna sauti. Tutaishughulikia Hatua ya 8.

Kama toleo hili limekataa, lile kamili nalo litakataa. Rudi Hatua ya 2, usiende mbele kwa matumaini.

## Hatua ya 4: Ongeza kiwango cha kumbukumbu

Kichupo kinachokufa katikati ya gemu mara nyingi hakijaishiwa RAM ya kompyuta. Kimefika ukomo ambao OpenBSD imemwekea mtumiaji. Kila mtumiaji yumo kwenye daraja fulani ndani ya /etc/login.conf, na daraja lina kikomo cha kumbukumbu ambayo programu moja inaruhusiwa kuchukua. Kompyuta inaweza kuwa na GB 16, na Firefox yako ikanyongwa ikiwa na sehemu ndogo tu ya hizo.

Angalia kikomo chako:

`ulimit -d`

Namba inayotoka ni kilobaiti. Ukiona 1572864, hiyo ni GB moja na nusu. Kwa kivinjari cha leo kinachobeba faili la nusu GB, ni nguo ya mtoto kwa mtu mzima.

Jiweke kwenye daraja la staff:

`doas usermod -L staff jinalako`

Kisha fungua /etc/login.conf kwa kihariri chako, tafuta sehemu inayoanza na `staff:`, na mstari wa datasize-cur uufanye hivi:

`:datasize-cur=4096M:\`

Mkwaju ule wa nyuma (\) mwishoni mwa mstari usiusahau. Ukiuacha, mistari inayofuata haitasomwa kama sehemu ya daraja hilo, na unaweza kujikuta na mipangilio ya ajabu utakapoingia tena. Kwa usalama, chukua nakala kwanza: `doas cp /etc/login.conf /etc/login.conf.zamani`.

Mwenye RAM ya GB 4 asiandike 4096M, 3072M inamtosha. Kikomo kikilingana na RAM yote, siku programu moja ikilewa itaivuta mashine nzima kwenye swap (sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa), nawe utabaki unatazama kishale kisichosogea.

Kama kuna faili /etc/login.conf.db, endesha `doas cap_mkdb /etc/login.conf`, vinginevyo mabadiliko yako hayatasomwa. Kisha toka kabisa kwenye mazingira ya dirisha na uingie tena. Kufungua terminali mpya hakutoshi, kwa kuwa inarithi kikomo cha zamani kutoka kwenye kikao kilekile.

Umefaulu ikiwa `ulimit -d` sasa inaonyesha 4194304, au namba inayolingana na ulichoandika. Ukiona bado ile ya zamani, hukutoka. Ulifunga dirisha tu.

## Hatua ya 5: Pata DIABDAT.MPQ

### Kama una CD

Weka CD, kisha:

`doas mount_cd9660 /dev/cd0a /mnt`
`ls -l /mnt`

Utaliona faili mara moja, ndilo kubwa kuliko yote. Linakili:

`cp /mnt/DIABDAT.MPQ ~/Downloads/`

Kama jina limeonekana kwa herufi ndogo, tumia lilivyoonekana. CD za umri huu zina mikwaruzo. Cp ikilalamika "Input/output error", faili ulilopata ni pungufu, hata kama jina lipo. Futa, safisha CD kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, ujaribu tena.

### Kama umenunua GOG

Ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari na upakue kisakinishi cha kawaida cha Windows, kile kilichoko kwenye orodha ya visakinishi vya nje ya mtandao. Achana na programu yao ya Galaxy, haina toleo la mfumo wako.

Kisakinishi ni faili la .exe, na hapa wengi hukata tamaa kwa kuwa OpenBSD haiendeshi .exe. Hatuiendeshi. Tunaifungua kama mtu anavyofungua gunia:

`mkdir ~/diablo && cd ~/diablo`
`innoextract ~/Downloads/setup_diablo*.exe`
`find . -iname diabdat.mpq`

Amri ya mwisho itakuonyesha faili lilipo. Lihamishe:

`mv ./njia/iliyoonekana/DIABDAT.MPQ ~/Downloads/`

Ukiona pia hellfire.mpq, iache, hilo ni la nyongeza ya Hellfire na ukurasa wetu unataka la Diablo.

Kuna nyakati innoextract hukataa, ikisema haijui toleo la kisakinishi. Visakinishi hubadilika kuliko programu hiyo inavyosasishwa. Usipoteze jioni nzima: mwombe jirani mwenye Windows asakinishe, kisha nakili DIABDAT.MPQ kwa flashi. Flashi yoyote ya FAT32 inalibeba, maana liko chini ya GB 4. Kwenye OpenBSD flashi hiyo kwa kawaida hufunguka kwa:

`doas mount_msdos /dev/sd1i /mnt`

Herufi sd1 inaweza kuwa sd2 kwako; `dmesg | tail` itakuambia ipi imeingia sasa hivi.

### Hakiki

`ls -l ~/Downloads/DIABDAT.MPQ`

Ukubwa uwe zaidi kidogo ya baiti milioni 517. Ukiona milioni 300 au 480, umepata nusu faili. Angalia pia mmiliki: ukiona root badala ya jina lako, ni kwa kuwa ulinakili kwa doas. Rekebisha:

`doas chown jinalako ~/Downloads/DIABDAT.MPQ`

Na neno moja kuhusu kulitafuta faili hili kwenye tovuti za kugawana: bado linauzwa, na bei yake ni ndogo. Zaidi ya hayo, nakala za namna hiyo mara nyingi zimekwisha kuchezewa, nawe utashinda ukitafuta kosa ambalo halimo kwenye mfumo wako.

## Hatua ya 6: Kwa nini lazima liwe ndani ya Downloads

Hapa ndipo kundi la pili lilipo, na ndilo kubwa kuliko yote.

OpenBSD ina kitu kiitwacho unveil. Programu inapowaka hutangaza ni folda zipi itahitaji kuziona, na tangu hapo zile nyingine zote kwake hazipo. Si kwamba zimefungwa kwa kufuli, hazipo kabisa. Firefox na Chromium za OpenBSD zimewekewa utaratibu huo, na kati ya folda zako binafsi za mafaili, inayoonekana ni ~/Downloads.

Kwa hiyo ukiliweka faili ndani ya ~/diablo, ~/Documents au kwenye flashi chini ya /mnt, dirisha la kuchagua faili litaonyesha utupu. Kulivuta kwa kipanya kutoka kwenye kidhibiti cha mafaili na kuliangusha juu ya ukurasa nako hakutasaidia, kwa sababu kivinjari kinapewa njia ya faili kisha kinakuta njia hiyo haielekei popote.

Wajanja hujaribu kuweka kiungo: `ln -s ~/diablo/DIABDAT.MPQ ~/Downloads/`. Haifanyi kazi. Mfumo hufuata kiungo hadi lilipo faili halisi, na huko hakuonekani. Faili lenyewe ndilo liwe ndani.

Orodha ya ruhusa imo ndani ya /etc/firefox/unveil.main (kwa Chromium, /etc/chromium/unveil.main). Utakutana na ushauri wa kuandika neno la kuzima ulinzi wote ndani ya faili hilo. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuvua paa la nyumba ili uingize godoro, wakati mlango unatosha, ni kujitafutia mvua. Hamisha faili, basi.

## Hatua ya 7: Washa gemu kamili

1. Funga vichupo vingine. Kila kimoja kinakula kumbukumbu.
2. Fungua d07riv.github.io/diabloweb kwenye dirisha la kawaida, si lile la faragha.
3. Bofya "Select MPQ".
4. Dirisha la kuchagua faili likifunguka, usianze kubofya folda. Kwa kuwa kivinjari hakioni nyumba yako yote, unaweza usifike Downloads kwa kubofya. Bonyeza Ctrl+L, utapata sehemu ya kuandika. Andika njia kamili: `/home/jinalako/Downloads/DIABDAT.MPQ`, kisha Enter.
5. Subiri. Diski ya kuzunguka itachukua muda kuliko SSD.

Umefaulu ikiwa menyu ya kuchagua mhusika inakupa Warrior, Rogue na Sorcerer. Ukipewa Warrior peke yake, bado uko kwenye toleo la bure: pakia ukurasa upya na uchague faili.

Zoea kulichagua faili hilo kila unapofungua ukurasa. Kwa hiyo usilifute wala kulihamisha baada ya kucheza siku ya kwanza, hata kama diski inalia.

Fungua about:processes kwenye kichupo kingine uone gemu inachukua kumbukumbu kiasi gani. Ikikaribia kikomo ulichoweka Hatua ya 4, rudi ukiongeze kabla haijakufia.

Ukurasa huo pia una chombo cha kulibana faili la MPQ liwe dogo. Kimewekwa zaidi kwa ajili ya simu. Mwenye RAM ndogo anaweza kukijaribu, lakini abane nakala na kulitunza faili la asili.

## Hatua ya 8: Sauti

Kwanza bofya mara moja ndani ya picha ya gemu. Vivinjari hunyamazisha ukurasa mpaka mtumiaji aguse kitu, na nusu ya "sauti haitoki" huisha hapo.

Bado kimya? Kagua huduma ya sauti:

`rcctl check sndiod`

Ikisema failed, iwashe: `doas rcctl enable sndiod` kisha `doas rcctl start sndiod`. Baada ya hapo tazama kiwango:

`sndioctl`

Ukiona `output.mute=1`, andika `sndioctl output.mute=0`. Kiwango kipandishe kwa `sndioctl output.level=0.8`.

Kama una spika za USB au skrini ya HDMI, huenda sauti inatoka kwenye kifaa usichokisikiliza. Mpangilio huu huiambia sndiod itumie kifaa cha pili kikiwepo, na cha kwanza kisipokuwepo:

`doas rcctl set sndiod flags -f rsnd/0 -F rsnd/1`
`doas rcctl restart sndiod`

Firefox izime na uiwashe tena.

Umefaulu ukisikia lile gitaa la Tristram. Ukilisikia utalijua.

## Hatua ya 9: Linda ulichocheza

Gemu inahifadhi maendeleo yako ndani ya hifadhi ya kivinjari, siyo kama faili unaloliona kwenye folda. Ukisafisha vidakuzi na data za tovuti, yanakwenda nayo. Ukicheza kwenye dirisha la faragha, yanakwenda ukilifunga. Mimi nilipoteza Sorcerer wa wiki mbili kwa sababu Firefox yangu ilikuwa imepangwa kujisafisha kila inapozimwa. Niliipanga hivyo mwenyewe, miaka nyuma.

Kagua kwenye mipangilio ya Firefox, upande wa faragha: kile kisanduku cha kufuta vidakuzi na data za tovuti kivinjari kinapofungwa kisiwe na tiki. Usiyetaka kukitoa, ongeza tovuti hii kwenye orodha ya zinazosamehewa.

Kuhifadhi kwenyewe: bonyeza Esc, chagua Save Game, subiri ujumbe upite, ndipo ufunge. Kufunga kichupo hakuhifadhi kitu. Na Diablo kwa mchezaji mmoja ina nafasi moja tu ya kuhifadhi kwa kila mhusika: ukihifadhi ukiwa umezingirwa na maadui na damu imebaki tone, umejifungia humo.

Kila baada ya siku chache fungua ukurasa wa mwanzo, bofya "Manage Saves", na upakue faili la mhusika wako; majina yake huishia na .sv, mfano single_0.sv. Litaingia ~/Downloads. Linakili pengine.

Angalizo la mwisho kuhusu vitufe. Diablo hutumia F5 hadi F8 kama njia za mkato za uchawi, na F5 kwenye kivinjari ni kupakia upya. Hakikisha umebofya ndani ya picha kabla ya kuvigusa, na uwe umehifadhi. Kwa skrini nzima tumia F11, maana skrini nzima ya F11 haivunjwi na Esc, na Esc utaihitaji sana.

## FreeBSD

Huku ni rahisi zaidi. Hakuna unveil, kwa hiyo faili unaweza kuliweka popote unapoweza kulisoma, na hakuna aliyeizima WebAssembly. Fanya Hatua ya 2 hata hivyo. Inachukua sekunde kumi.

`pkg install firefox innoextract`

CD inafunguliwa kwa `mount -t cd9660 /dev/cd0 /mnt`. Yaliyobaki ya Hatua ya 5 ni yaleyale.

Kinachowasumbua watu huku ni sauti kwenda HDMI. Tazama vifaa:

`cat /dev/sndstat`

Kile chenye neno "default" ndicho kinachotumika. Kama unataka cha pcm1, andika `sysctl hw.snd.default_unit=1`, na ukiridhika uweke mstari huo (bila neno sysctl) ndani ya /etc/sysctl.conf ili udumu. Firefox ikiendelea kukaa kimya, nenda about:config, tafuta `media.cubeb.backend`; kama haipo, itengeneze kama maandishi na uipe thamani `oss`. Zima, washa.

Kama picha inakatakata hata kwenye kurasa za kawaida, huna dereva wa kadi ya picha. Weka drm-kmod, jiongeze kwenye kundi kwa `pw groupmod video -m jinalako`, na kwa kadi ya Intel `sysrc kld_list+=i915kms`, kisha uwashe mashine upya.

## Haiku

WebPositive, kivinjari kinachokuja na Haiku, usihangaike nacho kwa kazi hii. Fungua HaikuDepot, ghala la programu za Haiku, utafute Iceweasel, ambacho kimetokana na Firefox, ukiweke kwenye Haiku ya biti 64. Fanya jaribio la `typeof WebAssembly`. Likipita, jaribu toleo la bure. Cheza kwa muda mrefu kidogo kabla ya kununua gemu au kupakua faili kubwa, kwa kuwa vivinjari vikubwa kwenye Haiku bado ni vichanga, na kinachofanya kazi dakika tano si lazima kifanye kazi saa mbili.

## Ikikataa kabisa

Kuna DevilutionX, programu ya kawaida isiyohitaji kivinjari, iliyotoka kwenye mzizi uleule wa Devilution. Kwenye OpenBSD:

`doas pkg_add devilutionx`
`mkdir -p ~/.local/share/diasurgical/devilution`
`cp ~/Downloads/DIABDAT.MPQ ~/.local/share/diasurgical/devilution/`

Kisha andika `devilutionx`. Ni nyepesi kuliko kivinjari, na kwa mwenye mashine ya i386 au RAM ya GB 1 ndiyo njia ya kufuata. Ukiambiwa faili la data halijaonekana, libadilishe jina liwe kwa herufi ndogo, diabdat.mpq, ujaribu tena.